Homoni na Unene wa Mama Zetu

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za tezi za mwilini. Saa ilipokaribia kwisha, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mama yangu hali chakula kingi. Sisi watoto twala kumshinda. Lakini tangu alipofika miaka arobaini na saba anazidi kunenepa, na sasa ananunua dawa katika uwanja wa teksi, ati ya kusafisha homoni. Je, homoni huchafuka?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Nilimjibu kwamba swali lake ni kubwa kupita dakika tano zilizobaki, nikamwahidi kuliandikia katika gazeti letu. Makala haya ndiyo deni lile.

Nayaandika kwa ajili yenu wanafunzi, na pia kwa ajili yenu mliokwisha kumaliza shule, ambao wake zenu na dada zenu wameufikia umri huo au wanaukaribia. Sisi wanaume tumezoea kuyaona mambo haya kuwa ya wanawake peke yao. Lakini mama akipatwa na kisukari au kiharusi, nyumba nzima hupata taabu. Basi si haya kujifunza. Haya ni kucheka bila kujua.

1. Homoni ni nini?

Mwili wa mtu una njia mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka habari upesi kama simu. Njia ya pili ni damu. Tezi fulani hutoa kemikali kidogo sana, ikaingia katika damu, ikasafiri mwili mzima mpaka ifike mahali inapotakiwa, na hapo hutoa amri yake. Kemikali hiyo ndiyo homoni. Waweza kuifananisha na tarishi wa ofisi: hafanyi kazi yenyewe, bali huchukua barua ya kuwaambia wengine wafanye nini.

Njia hii ya pili ilijulikana kwa hakika mwaka 1902. Wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walikata mishipa yote ya fahamu iliyofika katika sehemu moja ya utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani ya sehemu hiyo. Kongosho, ambayo iko mbali kidogo, ilitoa maji yake ya kuyeyusha chakula kama kawaida. Simu imekatwa, lakini habari imefika! Waliona kwamba hapana njia nyingine isipokuwa damu. Mwaka 1905 Starling alianza kulitumia neno homoni, ambalo asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni kuamsha au kusukuma.

Homoni ni nyingi. Kwa somo letu tutataja tano tu.

Insulini hutoka katika kongosho. Huamuru sukari iliyo katika damu iingie katika chembe za mwili, na inayozidi iwekwe akiba.

Homoni ya thairoidi hutoka katika tezi iliyo mbele ya shingo. Hiyo huongoza kasi ya moto wa mwili, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula.

Kortisoli hutoka katika tezi zilizo juu ya mafigo. Husaidia wakati wa shida, lakini ikizidi kwa muda mrefu hukusanya mafuta tumboni na usoni, na kudhoofisha misuli.

Leptini hutoka katika mafuta yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba ghala limejaa. Kwa bahati mbaya watu wengi walio wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hausikii tena vizuri, kama mtu aliyezoea kelele za barabarani.

Estrojeni kwa mwanamke hutoka hasa katika ovari. Hiyo ndiyo itakayotushughulisha zaidi.

2. Ukomo wa hedhi

Msichana huzaliwa na mayai yake yote ndani ya ovari. Hayaongezeki, hupungua tu mwaka hata mwaka. Yanapokaribia kwisha, ovari hazitoi estrojeni kama zamani. Kwa muda wa miaka michache hedhi huja ovyo, mara mapema, mara kwa kuchelewa, kisha hukoma. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hapana sababu nyingine, twasema amefikia ukomo wa hedhi. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayefikia kabla ya miaka 40 yafaa amwone daktari.

Wakati huo mambo kadhaa huonekana. Mama aweza kuhisi joto la ghafula likimpanda kifuani na usoni, akatokwa na jasho hata usiku wa baridi. Usingizi hukatika. Moyo hupiga kwa nguvu. Hasira na huzuni huja bila sababu anayoijua. Mifupa huanza kupoteza ugumu wake. Haya si ugonjwa, wala si kurogwa, wala si tabia mbaya. Ni mwili unaozoea kukaa bila tarishi aliyeutumikia zaidi ya miaka thelathini.

Lakini liko jambo moja ambalo si la kawaida, nanyi lishikeni sana. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima, kisha akatokwa na damu tena, hata kama ni kidogo, hana budi kwenda hospitali mara moja. Huenda ikawa jambo dogo, lakini huenda ikawa dalili ya saratani ya tumbo la uzazi au ya mlango wake, na saratani hizo zikijulikana mapema hutibika vizuri zaidi.

3. Je, homoni ndizo zinazomnenepesha?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa pande mbili. Wengine husema kosa lote ni la homoni. Wengine husema kosa lote ni la ulafi. Ukweli waonekana tukigawa swali mara mbili: mafuta yanaongezeka kwa nini? Na yanawekwa wapi?

Tuanze na swali la pili. Fikiria ghala lenye vyumba viwili, na karani anayewaonyesha wapagazi mahali pa kuweka magunia. Estrojeni ni kama karani huyo. Wakati wa ujana huamuru mafuta ya mwanamke yawekwe chini ya ngozi, hasa mapajani na nyongani. Karani huyo akistaafu, magunia huanza kuwekwa katika chumba kingine, yaani tumboni, katikati ya matumbo na karibu na ini. Kwa sababu hiyo mama aweza kuona gauni lake linambana kiunoni ingawa mizani inaonyesha uzito ule ule wa zamani. Jambo hilo ni la homoni kweli kweli.

Sasa swali la kwanza: magunia yenyewe yanatoka wapi? Wataalamu wa Marekani waliofuata wanawake wa umri wa makamo kwa miaka mingi waliona kwamba kwa wastani kila mmoja aliongezeka karibu nusu kilo, au zaidi kidogo, kila mwaka. Lakini ongezeko hilo la uzito lilifuata zaidi miaka yenyewe kuliko kukoma kwa hedhi. Hata wanaume wa umri huo huongezeka.

Basi yawezekana moto wa mwili hupoa mtu akipita miaka arobaini? Watu wengi husema hivyo, na hata vitabu vilisema hivyo. Lakini mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wa siku nane mpaka wazee wa miaka 95. Waliona kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili wa mtu na misuli yake, moto wa mwili hukaa sawasawa tangu miaka 20 hata 60, kwa wanaume na kwa wanawake. Baada ya 60 ndipo hupungua polepole.

Angalia maneno haya: "ukizingatia misuli yake." Humo ndimo siri ilimo. Misuli hutumia chakula kingi kuliko mafuta, hata mtu akiwa amelala. Tangu umri wa miaka thelathini na kitu, mtu asiyefanya kazi ya nguvu hupoteza misuli kidogo kidogo. Misuli ikipungua, matumizi ya chakula hupungua, lakini sahani hubaki ile ile. Zaidi ya hayo, mama asiyelala usingizi kwa sababu ya joto la usiku huamka amechoka. Aliyechoka hatembei sana, na njaa yake huzidi. Kwa njia hiyo homoni huingia tena katika habari hii, lakini kwa mlango wa nyuma.

4. Hesabu ndogo

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Nusu kilo ni kalori 3,850. Tukigawa kwa siku 365, twapata kalori 10 na nusu kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu nne, kina kalori 16. Maana yake, akiba ya nusu kilo kwa mwaka yaweza kuwekwa na ziada ndogo kuliko kijiko kimoja cha sukari kwa siku!

Najua hesabu hii ni ya juu juu. Mwili ukiongezeka huhitaji chakula zaidi kidogo, kwa hiyo ziada haina budi kukua pamoja nao. Hata hivyo yatufundisha jambo kubwa. Hakuna mtu awezaye kuona kwa macho ziada ndogo kiasi hicho. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi wangu alisema mama yake hali chakula kingi, na mama yake mwenyewe husema hivyo. Wote wawili walisema kweli. Miaka kumi ya ziada ndogo ni kilo tano, bila ulafi wowote.

Yule mwanafunzi nilimwuliza baadaye, faraghani, mama yake hushindaje. Alinieleza kwamba alipokuwa kijijini karibu na Masaka alilima kila asubuhi, akateka maji, akachanja kuni. Sasa anauza nguo sokoni. Hupanda boda boda alfajiri, hukaa juu ya kiti mpaka magharibi, hunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara tatu kwa siku, na saa sita hununua chapati au rolex kwa kuwa hana nafasi ya kupika. Usiku akipika huonja mchuzi, na watoto wakibakiza hula yeye ili chakula kisitupwe. Chai ile peke yake ina gramu 36 za sukari, yaani kalori 144. Chakula chake si kingi. Ila kazi aliyokuwa akiifanya kwa jembe imeondoka, na sukari na mafuta ya kukaangia yamekuja.

5. Habari za kwetu

Yafaa tujue kwamba mambo haya yana historia hapa kwetu. Mwaka 1861 msafiri John Hanning Speke alifika Karagwe, ambayo sasa ni sehemu ya Tanzania, katika jumba la Mfalme Rumanika. Aliandika kwamba wanawake wa jumba lile walinyweshwa maziwa mengi mpaka wengine hawakuweza kusimama, kwa maana unene ulikuwa uzuri na heshima. Lakini unene wa namna hiyo ulikuwa wa watu wachache wenye ng'ombe wengi. Wakulima hawakuwa nao.

Daktari Hugh Trowell alifanya kazi hapa Kampala, katika Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, tangu miaka ya 1930 mpaka mwisho wa miaka ya 1950. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa ya Afrika yasiyoambukiza, alieleza jinsi unene wa kupita kiasi na maradhi ya moyo yalivyokuwa machache kati ya Waafrika. Aliporudi kuzuru Afrika ya Mashariki mwaka 1970 alistaajabu kuona watu wanene wengi mijini, na kliniki za kisukari zimejaa. Ovari za wanawake hazikubadilika kwa miaka kumi. Homoni za mwaka 1970 zilikuwa zile zile za mwaka 1960. Kilichobadilika ni chakula, kazi na njia ya kusafiri.

Tena kuna habari ya huzuni. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoonekana Uganda mwanzo wa miaka ya 1980, watu waliuita Slim, kwa sababu wagonjwa walikonda sana. Tangu hapo mtu aliyepungua mwili alitazamwa kwa shaka. Wapo akina mama walioogopa kupunguza uzito hata daktari alipowashauri, wasije majirani wakasema maneno. Tukiwacheka kwa unene, na tukiwashuku kwa kukonda, je, wafanye nini?

Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hata 49, 24 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kwa wanaume walikuwa 9. Na uzito uliozidi ulionekana zaidi mijini kuliko vijijini, na zaidi kwa wenye umri mkubwa kuliko vijana.

6. Hatari iko wapi?

Si kila mwanamke mnene ni mgonjwa, wala si kila mwembamba ni mzima. Lakini mafuta ya tumboni ni mabaya kuliko ya mapajani. Yakizidi, chembe za mwili hazitii tena amri ya insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mpaka mwisho ichoke. Ndipo sukari hupanda katika damu, na huo ndio ugonjwa wa kisukari wa namna ya pili. Shinikizo la damu nalo hupanda, na pamoja nalo huja hatari ya kiharusi na ya moyo. Tena, baada ya ukomo wa hedhi, mafuta yenyewe hutengeneza estrojeni kidogo. Yakiwa mengi sana, estrojeni hiyo huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya tumbo la uzazi.

Kipimo rahisi ni utepe wa fundi cherehani. Zungusha kiunoni, kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni dalili ya kuanza kuangalia, na 88 ni dalili ya hatari kubwa zaidi. Kipimo kingine ni kugawa uzito kwa kilo kwa urefu wa meta uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke wa urefu wa meta 1.60 hufikia kipimo cha 25, ambapo uzito huanza kuitwa umezidi, akiwa na kilo 64. Hufikia 30, ambapo huitwa unene wa kupita kiasi, akiwa na kilo 77 hivi.

Lakini utepe hauonyeshi sukari wala shinikizo la damu. Hayo hupimwa katika kituo cha afya, nayo hayaumi mpaka yamekwisha kuharibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

7. Dawa za kusafisha homoni

Sasa naweza kulijibu lile swali lenyewe. Homoni hazichafuki. Kila siku ini na mafigo huvunja homoni zilizokwisha kufanya kazi na kuziondoa. Hakuna majani wala unga unaozisafisha. Chai nyingi za kupunguza mwili zina dawa ya kuharisha tu. Mtu hupungua kilo moja au mbili za maji, akanywa maji, zikarudi. Mafuta hayakuguswa.

Wakati mwingine hatari ni kubwa zaidi. Katika nchi nyingi vidonge vilivyouzwa kwa jina la mitishamba vilipochunguzwa vilionekana kuwa na sibutramini, dawa ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo. Wengine humeza homoni ya thairoidi bila kuwa na ugonjwa wa thairoidi. Hiyo huusumbua moyo na kupunguza mifupa. Na wapo wanaotumia vidonge vya kunenepesha, au mafuta ya kujichubua ngozi, ambavyo ndani yake mna dawa za jamaa ya kortisoli. Hizo zikitumika kwa muda mrefu hupandisha sukari, hunenepesha uso na tumbo, na kudhoofisha mifupa.

Je, daktari hana dawa ya homoni? Anayo, lakini si ya kukondesha. Mama anayeteswa sana na joto na kukosa usingizi aweza kupewa estrojeni, pamoja na homoni ya pili ya kulinda tumbo la uzazi kama analo. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba dawa hizo mbili pamoja huongeza kidogo saratani ya matiti na kuganda kwa damu, na madaktari wengi wakaziogopa. Baadaye ilieleweka kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wamepita miaka 60, na kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, mwenye afya, anayeteswa na dalili, faida mara nyingi huzidi hasara. Hilo ni la kuamuliwa na daktari pamoja na mama mwenyewe.

Tena ziko sindano mpya zilizotokana na homoni ya utumbo, ambazo hupunguza njaa na kupunguza uzito kweli. Moja ilikubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021. Ndugu zangu, tazameni: kazi ya Bayliss na Starling, iliyoanza katika utumbo mwaka 1902, imefika mpaka hapo! Lakini sindano hizo ni ghali, zina taabu zake, na ni za kutolewa na daktari. Haziuzwi katika uwanja wa teksi.

Mwisho, kama mama ananenepa huku anasikia baridi kupita wengine, sauti inakwaruza, ngozi inakauka, na shingo imevimba, hapo thairoidi huenda ikawa ndiyo yenye kosa. Na wanawake wengine huongezeka uzito wanapotumia sindano fulani za uzazi wa majira. Hayo yote yana njia ya kupimwa au kubadilishwa. Muulizeni mganga wa hospitali, si mchuuzi.

8. Tufanye nini?

Kwanza, misuli. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima watembee kwa haraka, au wafanye kazi inayofanana na hiyo, dakika 150 kwa juma au zaidi, na siku mbili za kazi ya nguvu. Kulima bustani ni kazi ya nguvu. Kupanda kilima ni kazi ya nguvu, nasi wa Kampala tumejaliwa vilima. Mama ateremke kwenye boda boda kabla ya kufika, amalizie njia kwa miguu.

Pili, sahani. Hapana haja ya kuacha matoke. Yapunguzwe kidogo, na nafasi yake ichukuliwe na nakati, doodo, maharagwe au mukene. Vyakula hivi hushibisha, na maharagwe na mukene husaidia kulinda misuli. Mchuzi wa karanga ni mzuri, lakini una mafuta mengi. Upakuliwe kwa kijiko, si kwa bakuli. Soda moja ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Iwe ya sikukuu.

Tatu, usingizi. Mama aliyeamka mara tatu usiku asiitwe mvivu asubuhi.

Nne, kupima sukari na shinikizo la damu, angalau mara moja kwa mwaka. Hata uzito ukipungua sehemu tano tu katika mia, kama kilo nne kwa mwenye kilo 80, vipimo hivyo kwa kawaida huanza kuwa vizuri. Si lazima arudi kuwa msichana.

Tano, jambo linalotuhusu sisi wanaume na wavulana. Nani nyumbani hupika, na nani hukaa akingoja? Mama atapata wapi saa ya kutembea, ikiwa akirudi sokoni anakuta vyombo vya asubuhi havijaoshwa? Nani anaongeza sukari katika chai ya nyumba nzima? Mvulana akijifunza kupika nakati na kuosha masufuria, amempa mama yake nusu saa, na nusu saa hiyo ni dawa ambayo hapana mchuuzi anayeiuza.

Yule mwanafunzi alinisikiliza yote haya, kisha akauliza, "Mwalimu, nikamwambie nini mama?" Nilimwambia asianze na neno unene hata kidogo. Amwambie: "Mama, Jumamosi nitakaa mimi dukani, wewe nenda ukapimwe sukari." Akatulia kidogo, akasema hiyo ni rahisi kuliko alivyofikiri. Kweli ni rahisi. Na ninyi nyote mliocheka siku ile, nanyi mna mama.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini jaribio la mwaka 1902 lilionyesha kwamba habari ilipita katika damu.
2. Mwanamke ana urefu wa meta 1.50 na uzito wa kilo 63. Tafuta kipimo chake. Je, umezidi 25?
3. "Mama ananenepa kwa sababu ya homoni." Katika maneno haya, ni lipi la kweli na ni lipi si kweli?
4. Hesabu sukari inayotumika nyumbani kwenu kwa juma moja, uigawe kwa idadi ya watu. Lete jibu darasani, bila kumtaja mtu.